"Mimi" wa Kwenye Simulizi Ni Nani?

Simulizi za kuendelea zimejaa kwenye simu za watu wa Dar es Salaam. Sehemu ya kwanza inarushwa asubuhi watu wakiwa wamekwama kwenye foleni ya Mwenge, ya pili jioni, na chini yake lile neno "itaendelea" linalomfanya mtu ajute kwa nini alianza kusoma. Nyingi zinasimuliwa kwa "mimi", na vurugu inaanzia hapo. Mwandishi akiandika "nilimwacha mume wangu mwezi wa tatu wa ndoa", maoni yanamiminika. Pole dada, Mungu atakupa mwingine. Wewe ndiye ulikuwa na kiburi. Huyo mume anaishi wapi, mbona kama namjua? Kumbe aliyeandika ni mwanamume, hajaoa, anaishi kwa mama yake Tandika. Akijitetea kwamba ni hadithi tu, wapo watakaomwambia anaona aibu.

Mkanganyiko huu una ndugu yake darasani. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiulizwa fani ya riwaya, akifika kwenye mtindo ataandika kwamba mwandishi "ametumia nafsi zote tatu", kisha atachomoa mfano ambapo mhusika anamwambia mwenzake, "Nitakuja kesho." Hiyo nafsi ya kwanza, maksi moja mfukoni. Lakini mhusika kusema "nitakuja" hakumfanyi kuwa msimulizi wa riwaya. Kwa hesabu hiyo, kila kitabu chenye mazungumzo duniani kimetumia nafsi zote tatu, na jibu halijatueleza lolote kuhusu kitabu hicho.

Tuanze na watu watatu ambao tunawachanganya. Mwandishi ni mtu wa kweli: ana namba ya NIDA, ana madeni, anaumwa jino. Msimulizi hana namba ya NIDA. Ni sauti ambayo mwandishi ameiunda ili itupitishe kwenye hadithi, na inaishi ndani ya maandishi tu. Mhusika ni yule anayetenda na kutendwa humo ndani. Msimulizi anaweza kuwa pia mhusika, yaani akasimulia mambo aliyoyapitia yeye, na hapo ndipo tunapopata "mimi". Au akawa nje ya matukio kabisa, akawasimulia wengine kwa "yeye" na "wao".

Bibi zetu walilijua hili bila kusoma uhakiki wa fasihi. Msimulizi alipoanza "Hadithi, hadithi!" wasikilizaji walimjibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Huo ulikuwa mkataba. Aliyeitikia hivyo hawezi baadaye kumdai bibi ushahidi kwamba sungura alizungumza, wala kumhukumu bibi kwa hila za sungura. Tulipohamia kwenye skrini, mwitikio ule ulibaki nyuma, na hakuna kilichowekwa mahali pake isipokuwa jina la mwandishi na picha yake ya wasifu akiwa ametabasamu. Si ajabu basi watu wanadhani anayetabasamu pale ndiye aliyemwacha mume.

Kuna pahali "mimi" ni mwandishi kweli. Tawasifu ni hivyo. Shaaban Robert alipoandika *Maisha Yangu*, yule "mimi" ni Shaaban Robert mwenyewe, na ndiyo ahadi ya kitabu. Alipoandika habari za Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Zanzibar, ule ulikuwa wasifu: maisha ya mtu mwingine yanayosimuliwa na mtu wa nje. Mkono ni uleule, lakini nafasi anayosimama msimulizi imebadilika kwa sababu ahadi kwa msomaji imebadilika. Kwa hiyo anayetaka kujua kama "mimi" ni mwandishi aiangalie ahadi hiyo. Kama kazi imetajwa kuwa hadithi, simulizi au riwaya, hakuna aliyeahidi kuungama.

Tukija kwenye nafsi zenyewe, somo lake ni fupi. Nafsi ya kwanza ni pale msimulizi anaposema "nilikwenda". Nafsi ya tatu ni pale anaposema "alikwenda". Ya pili, "ulikwenda", ni adimu kwenye hadithi ndefu, ingawa katika ushairi wetu ina mizizi: utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni mama akimsemesha binti yake, na sisi wengine tunasikiliza kama waliokaa chumba cha pili. Basi. Viambishi tu. Na kwa sababu vinaonekana upesi, watu hudhani ndiyo habari yote.

Habari kubwa zaidi ni mtazamo, yaani tukio linaonekana kutoka wapi. Fikiria daladala lililojaa. Aliyekaa dirishani anaona bodaboda ikikatiza, aliyesimama katikati ameshika bomba anaona kwapa la mwenzake tu, na dereva ana kioo cha pembeni ambacho hakuna mwingine anayekitazama. Wote wako safari moja, lakini ukimuuliza kila mmoja kimetokea nini, utapata safari kadhaa.

Tubaki humohumo ndani, tutunge kisa kidogo. Mama ametoka Feri kununua samaki, amepanda daladala la Mbagala na ndoo yake. Karibu na Mtoni kwa Aziz Ali gari linafunga breki, maji ya samaki yanamwagikia kiatu cha kijana anayetoka kwenye usaili wa kazi. Ugomvi unaanza. Tumwachie mama asimulie:

"Ndoo nilikuwa nimeifunga mwenyewe, kwa kanga kuukuu, fundo mbili. Konda aliiona, akasema sawa, pita nyuma. Yule kijana ndiye aliyenyoosha mguu wake mpaka kwenye ndoo yangu kama yuko sebuleni kwao. Gari lilipofunga breki, akaniangalia mimi. Si dereva. Mimi."

Sasa tumpe msimulizi wa nje, mwenye kusema "yeye", lakini tumweke karibu na kijana:

"Juma alitazama kiatu. Cheusi, cha ngozi, cha kuazima. Angemwambia nini kaka yake? Na huyu mama naye, badala ya kuomba radhi anafungafunga ndoo yake kana kwamba ndani mna dhahabu. Harufu ilipanda taratibu. Gari zima lilikuwa linamtazama yeye."

Na mara ya tatu tumpe msimulizi anayeingia kila mahali:

"Samaki walikuwa wa mkopo, na mwenye pesa zake alikuwa anasubiri Mbagala. Kiatu kilikuwa cha kaka, ambaye angekihitaji Jumapili. Kila mmoja alikuwa amebeba mali ya mtu, na kila mmoja alimwona mwenzake kama mwenye nacho anayemdharau. Dereva hakujua hata kama kuna ugomvi. Alikuwa anatafuta trafiki kwa macho."

Maji yaliyomwagika ni yaleyale. Katika simulizi ya kwanza tuko upande wa mama, hatujui kabisa kwamba kiatu ni cha kuazima, na mguu wa kijana unaonekana kama jeuri. Katika ya pili ndoo imekuwa kero na mama hana jina. Ni "huyu mama". Katika ya tatu tunajua jambo ambalo wawili wale hawatalijua kamwe hata wakishuka kituo kimoja, kwamba wanafanana. Ugomvi uliokuwa wa kuchekesha unaanza kuuma. Hakuna tukio lililoongezwa pale. Kilichoongezwa ni mahali pa kusimama.

Turudi kwenye ile ya pili, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Imeandikwa kwa nafsi ya tatu, na imani iliyozoeleka ni kwamba nafsi ya tatu haina upande, inatoa ukweli kama ulivyo. Isome tena. "Badala ya kuomba radhi anafungafunga ndoo yake kana kwamba ndani mna dhahabu." Hayo ni maneno ya nani? Hakuna alama za kunukuu wala "Juma aliwaza kwamba". Anayesema ni msimulizi, ila macho na hasira ni vya Juma. Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, katika kazi yake ya mwaka 1972, alisisitiza kwamba haya ni maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa: nani anasema, na nani anaona. Nafsi inajibu lile la kwanza tu. Mtu anaweza kuandika riwaya nzima kwa "yeye" na asitoke nje ya kichwa cha mtu mmoja hata ukurasa mmoja, akawaonea wahusika wengine wote, na msomaji akadhani amesoma taarifa isiyopendelea.

Kiswahili kinairahisisha sana hila hii. Tukisema "Juma alidhani kaka yake yuko nyumbani", hatulazimiki kuibadilisha "yuko" iwe "alikuwa" kwa sababu tu "alidhani" imepita. Wazo linabaki na wakati wake, kama lilivyokuwa kichwani mwa Juma. Ndiyo maana msimulizi wetu aliweza kutoka "alitazama" akaingia "anafungafunga" bila mshtuko wowote. Alivuka kutoka kwenye sauti yake hadi kwenye mawazo ya kijana na hakuna mlango uliolia. Waandishi wazuri wa Kiswahili huvuka hivyo mara nyingi. Anayesoma haraka hawaoni wakivuka.

Na kuna jambo jingine ambalo sarufi yetu inampa msimulizi bure. Kiambishi "a-" hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Andika: "Fundi alifika na boksi lake la vifaa, akapanda juu ya bati, akakaa huko hadi adhuhuri. Aliposhuka alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, akaomba maji ya kunywa." Msomaji wa Kinondoni ameshamwona mwanamume, tena amemvisha kofia. Sentensi inayofuata: "Mumewe alikuwa amempigia mara tatu." Msimulizi hakudanganya popote. Msomaji ndiye aliyejaza pengo kwa mazoea yake, na sasa anajiona. Hadithi za upelelezi zinaweza kula sana hapa, na nashangaa kwa nini nyingi hazili.

Yule msimulizi wa tatu, anayejua deni la samaki na ratiba ya kaka, wahakiki humwita msimulizi maizi, au mjuzi wa yote. Ngano nyingi ni zake. Anaingia moyoni mwa fisi na mwa mfalme kwa pamoja na hakuna anayemuuliza amejuaje. Vijana wanaoanza kuandika humpenda kwa sababu anaonekana huru, lakini uhuru huo una gharama. Msimulizi anayejua kila kitu lazima awe na sababu ya kutuficha jambo. Kama anajua muuaji ni nani tangu ukurasa wa pili na ametuingiza kichwani mwa muuaji huyo mara tano bila kugusa mauaji, msomaji akifika mwisho atahisi amechezewa, na atakuwa na haki.

"Mimi" naye ana vikwazo vyake, na ni vizuri tu kwamba anavyo. Hawezi kuwa Ilala na Bunju kwa wakati mmoja. Hawezi kutueleza mkewe aliwaza nini. Anaweza tu kutuambia alinyamaza, akaondoa sahani. Simulizi nyingi za kwenye simu zinavunjikia hapa: "mimi" amelala hospitali hajitambui, na bado anatusimulia neno kwa neno walichonong'onezana daktari na shemeji koridoni. Kama alisimuliwa baadaye, tuambiwe nani alimsimulia, kwa sababu huyo naye ana upande wake.

Halafu kuna "mimi" wawili ndani ya "mimi" mmoja: yule aliyetenda zamani na huyu anayesimulia leo. Sentensi kama "wakati huo sikujua kwamba namwona kwa mara ya mwisho" haiwezi kutamkwa na yule wa zamani. Ni mtu mzima anamtazama kijana aliyekuwa yeye. Umbali kati ya wawili hao ukiwa mkubwa, simulizi inakuwa na majuto, au kejeli, au huruma. Ukiwa mdogo, tunakimbia na mhusika bila kujua kona inayofuata ina nini. Mwandishi anachagua umbali huo hata asipojua kwamba anauchagua.

Sasa tufike kwa msimulizi asiyeaminika, ambaye nadhani kila mtu mwenye simu anapaswa kumfahamu. Wayne Booth, mhakiki Mmarekani, ndiye aliyempa jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1961. Ni msimulizi ambaye maneno yake yenyewe yanatupa sababu ya kumtilia shaka. Si lazima awe mwongo. Anaweza kuwa mtoto asiyeelewa anachokiona, mtu mwenye wivu, mlevi, au mtu anayejipenda sana. Mwandishi anasimama nyuma yake na kutukonyeza juu ya bega lake.

Mfano ni wa kila siku. Kuna zile kurasa ambazo watu hutuma matatizo yao na kuanza na "naomba unifichie jina". Chukua moja niliyoitunga: "Mke wangu ameondoka na watoto bila sababu yoyote. Mimi ni mtu mpole, kila mtu mtaani anajua. Sijawahi kumpiga. Siku ile nilimsukuma tu, na ni kwa sababu alinijibu mbele ya mama yangu." Hakuna aliyempinga bado, na tayari simulizi imeanza kumpinga yeye. "Bila sababu yoyote" imekutana na "siku ile". Siku ipi? Anaitaja kana kwamba tunaijua. "Tu" katika "nilimsukuma tu" imebeba mzigo mzito kuliko sentensi yote. Na mke, ambaye ndiye aliyeondoka, hajasema hata neno moja. Tumesikia kwamba alijibu, hatukusikia alijibu nini.

Chini ya maandishi kama haya huwa kuna watu wanaomhurumia papo hapo, kwa sababu "mimi" anavutia huruma. Ukikaa na mtu na ukasikiliza shida yake kwa sauti yake, umeshahamia kwake nusu. Kisha anatokea mmoja anayeandika: "Tusikie na upande wa pili." Huyo amefanya uhakiki, hata kama hajawahi kusikia jina la Booth.

Ukitaka kuona usimulizi ukibadilisha hadithi bila kugusa hata picha moja, nenda kwenye vibanda vya video. Dar es Salaam ilijaliwa mafundi wa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na Lufufu, yaani Derek Mukandala, ni miongoni mwa waliovuma zaidi. Filamu ilishapigwa na kamera ilishachagua pa kusimama. Lakini msimulizi wa kibandani anaweka sauti yake juu ya hiyo. Anawapa wahusika majina ya utani, anawasema, anaonya. Akisema "jamaa hajui kama nyuma kuna mtu", kibanda kizima kimeshajua jambo ambalo aliye kwenye skrini halijui, na hofu iliyokuwa imepangwa ije ghafla inakuja polepole, na kicheko ndani yake. Jambazi akiitwa "mtoto wa mjini" badala ya jambazi, watu wanaanza kumwombea asikamatwe. Wengine waliona kazi ile ni tafsiri mbovu. Ni usimulizi wa pili uliokaa juu ya ule wa kwanza, na watu walilipa kiingilio wakiujua.

Habari za magazeti na redio nazo zina msimulizi, ingawa huvaa nguo za asiyekuwepo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande na kupewa viwanja. Sentensi hii niliyoiandika ni ya kweli, na ina upande. "Walihamishiwa" haituonyeshi aliyehamisha. "Kupewa viwanja" inaona jambo kutoka kwa anayetoa. Ukisimama kwa mama aliyekuwa akiuza chakula Jangwani, karibu na Kariakoo na wateja wake, habari hiyohiyo itaanza na nauli ya kufika mjini kutoka Mabwepande. Ukisimama kwa mhandisi anayejua maji ya Msimbazi yanapita wapi, itaanza na bonde lenyewe na hatari ya kulala ndani yake. Hakuna anayedanganya kati yao. Mwandishi mwangalifu atatafuta sentensi inayotaja aliyehama, aliyemhamisha, alichokipata na alichokiacha, nayo itakuwa ndefu. Pengine ndiyo maana haikai kwenye kichwa cha habari.